Vifungo Sita vya Diriye Mkavu

Kushona makoti ya mvua Garissa ni kujitafutia kuchekwa. Nilipotundika la kwanza mlangoni pa kibanda changu, wazee waliokuwa wakienda kuswali adhuhuri walisimama, wakalipapasa, wakatazamana, na mmoja akaniuliza kwa upole kama nimekula dawa zangu. Huku miezi mingi ni vumbi na jua la kukaanga. Lakini nilikuwa nimeshaishi hapa muda wa kutosha kujua mvua ya Garissa ikiamua kuja inavyokuja. Hainyeshi, inamwaga, na wanaoipokea kichwani ni watu wa bodaboda.

Naitwa Musyoka, fundi wa nguo, mzaliwa wa Kitui. Nina cherehani mbili na hasira za karibu, ambazo mke wangu huziita cherehani ya tatu kwa sababu hazipumziki. Kitu kimoja tu sijawahi kuchezea maishani mwangu, nacho ni mshono. Turubai nashona mara mbili kwa uzi wa magunia, na kila pembe naipiga kiraka.

Mteja wa kwanza ambaye hakunicheka alikuwa Diriye Sugow. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mwembamba, meno yameshika rangi ya kahawia kwa maji ya visima vya utotoni. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya baba yake, akauza ngamia wa mwisho akanunua pikipiki. Alibeba abiria kati ya mjini na Balambala, njia ambayo wenzake waliikwepa kwa sababu ya laga, yale makorongo ya mchanga yanayokaa makavu mwaka mzima kisha yanageuka mito kwa nusu saa. Wenzake steji walimwita Mkavu, maana mvua ingenyesha namna gani, Diriye angefika na nguo kavu na abiria mkavu.

Alikuwa na ufundi wake na aliusomesha bure kwa yeyote aliyekaa kusikiliza. Suruali ya turubai ivaliwe juu ya gambuti, kamwe isiingizwe ndani, la sivyo buti linageuka ndoo. Mikono ya koti iingie ndani ya glavu, si juu yake. Gazeti kifuani chini ya shati, kwa sababu baridi ya upepo huja kabla ya maji. Simu iingie kwenye mfuko wa unga uliokunjwa mara tatu. Na koti livaliwe nyuma mbele, mgongo wa koti uwe kifuani, ili upepo usipate pa kuingilia.

Hilo la nyuma mbele ndilo lililonipa kazi. Koti likivaliwa hivyo, linafungwa mgongoni, na mwenye koti hawezi kujifikia. Basi abiria ndiye anayelifunga akishapanda. Diriye aliniletea mchoro aliouchora kwenye karatasi ya majani ya chai. Alitaka vifungo sita vya chuma, vile vya kubana vinavyolia tak, kutoka kiunoni mpaka mabegani. Pindo la nyuma liwe refu, abiria ajifunike nalo kichwani kama hema. Na shingoni uwepo mkanda wa ngozi wenye bizimu, unaozunguka na kufungwa ubavuni mwa shingo, mahali ambapo mkono wake mwenyewe unafika.

"Sita ni ya abiria," aliniambia kwa lafudhi ya Kisomali, ambayo mara nyingi hugeuza p kuwa b na v kuwa f. "Hii moja ya shingo ni yangu. Abiria akisahau kufunga, koti haiendi na ubebo."

Nilimshonea la kijani. Naweza kusema bila aibu kwamba ndilo koti bora nililowahi kushona.

Mvua ile ya Novemba mwaka juzi kila mtu anaikumbuka. Siku ya Alhamisi, alasiri, Diriye alimbeba Yurub, binti aliyekuwa akisomea ualimu hapa mjini, akimpeleka Balambala kwa mama yake aliyekuwa na homa. Yurub alikuwa na miaka ishirini. Niliwaona wakipita mbele ya kibanda changu, Yurub amekaa upande, vitabu vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni mapajani. Tone la kwanza lilipoanguka Diriye alisimamisha pikipiki chini ya bati langu, akavaa koti, na Yurub akavifunga vile vifungo kwa ncha za vidole, kwa uangalifu, bila kumgusa mgongo. Nilivisikia vyote sita. Kisha akavuta pindo juu ya mtandio wake, wakaondoka.

Jioni ile Diriye alirudi kwa miguu, bila pikipiki, bila koti, bila Yurub.

Walimpata binti siku ya tatu, chini kabisa, karibu na mto Tana. Wazee walikaa, wakamsikiliza Diriye. Alieleza kwamba waliikuta laga ina maji ya kifundo cha mguu, na bodaboda wawili wamesimama ukingoni wakingoja yapungue. Yeye akavuka. Katikati, maji ya mvua za juu yakawafikia ghafla, pikipiki ikalala. Yurub akang'ang'ania koti. Mshono wa bega ukaachia, koti likaenda naye. Wazee wakasema ni qadar, majaliwa ya Mungu, hakuna mkono wa mtu katika jambo hilo, wakamwombea marehemu, wakainuka. Maka, mama yake Yurub, alimwambia Diriye mbele ya watu kwamba amemsamehe, na akamwita hooyo, yaani mama. Wamama wa Kisomali humwita mtoto kwa jina la umama wao wenyewe, na mwanamke aliyefiwa akimwita hivyo kijana asiye wake, hakuna kubwa zaidi anayoweza kumpa.

Nami nikabaki na mshono.

Hakuna aliyenijia kunilaumu. Afadhali wangekuja, tungegombana yakaisha. Walichofanya ni kunyamaza na kuacha kununua. Halafu vijana wa steji wakapata msemo. Kamba ya mzigo ikikatika, "uzi wa Musyoka." Ndala ikikatika gidamu, "uzi wa Musyoka." Hata mtangazaji wa mpira uwanjani siku moja aliusema, wavu ulipotoboka, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nililala nikishona lile koti upya kichwani, bega kwa bega, nikitafuta pa kuachia, na sikupaona. Lakini msichana alikuwa amekufa. Ungeanza vipi kubishana na msiba?

Diriye naye alikuwa amebadilika. Alipata pikipiki nyingine kwa msaada wa jamaa zake, akarudi njia ileile, lakini hakuvaa koti tena. Masika yalipofika Aprili nilimwona akipita kwenye mvua na shati jepesi, amelowa mpaka limeonyesha mbavu, na kila baada ya mita chache anageuza shingo kutazama nyuma. Jina la Mkavu likafa lenyewe. Akaanza kukohoa kikohozi kile cha kifuani ambacho unakisikia kabla hujamwona mwenyewe.

Siku moja mvua ilimsukuma chini ya bati langu, palepale aliposimama na Yurub. Tulikuwa hatujasemezana miezi mitano. Alikuwa akitetemeka meno yanagongana. Nikasema nimhurumie, lakini aliyezungumza ni hasira. Nilichukua koti jipya la mtindo uleule lililokuwa limetundikwa, nikamtupia kifuani kutoka mbele, nikazunguka nyuma yake.

"Vaa! Vaa nikufunge, halafu uvute kwa nguvu zako zote, hapa mbele ya watu. Tuone uzi wa Musyoka."

Nikabana kifungo cha kwanza. Tak. Diriye aliruka akaipindua meza yangu, mkasi na chaki vikaenda matopeni. Alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili na hakuwa akitoa sauti yoyote. Nilimketisha kwenye kigoda. Nilijua nimekosa, nikamtilia chai kutoka kwenye thamosi yangu.

"Bole, fundi," alisema mwisho. "Si wewe. Mimi nasikia hiyo fitu."

"Unasikia nini?"

"Fifungo. Mfua ikianza tu, nasikia tak, hapa chini ya mgongo. Nageuka, hakuna mtu. Tak ingine, juu kidogo. Inabanda bolebole. Yeye hakunigusa siku ile, wallahi, hata kidole moja. Sasa ananigusa. Nasikia fidole yake, baridi. Inafika sita."

"Halafu?"

"Halafu shingo inabana."

"Ndiyo maana huvai koti."

"Hata bila koti inakuja." Akameza chai. "Bila koti ni afadhali kidogo. Naweza kubumua."

Nilimuuliza kwa nini shingo. Alisimama akaondoka mvua haijaisha. Mimi si mtu wa kuogopa mizimu, ninasali kanisani na taa yangu nazima. Lakini tangu siku hiyo bati langu likianza kupigwa na matone, najikuta nimesimamisha cherehani na kusikiliza.

Mwezi wa Agosti, mto ukiwa umeshuka, Maka aliingia kibandani kwangu. Sikumjua kwa sura. Mama wa makamo, mfupi, mtandio mweusi, vumbi la safari miguuni. Akaweka furushi la gunia juu ya meza na kulifungua. Lile koti la kijani lilikuwa limefuliwa safi, limekunjwa kama nguo ya Idi.

"Wewe ndio fundi Musyoka?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Mimi ni mama ya Yurub." Alingoja nikae. "Watu ya mbuzi walibata hii kwa mizizi, kule mto. Wakaniletea. Nataka unionyeshe mahali ilichanika."

Nilitaka kusema pole, nikasema, lakini mikono ilikuwa imeshalichukua koti. Niliitafuta aibu yangu kila mahali. Bega la kulia, bega la kushoto, kwapa, kola. Hakuna uzi uliokatika. Turubai lilikuwa limepauka na kukwaruzwa na mchanga, ila mshono ulikuwa umekaa kama siku nilipoutoa mashineni. Vifungo vyote sita vilikuwepo, vimeachiana tu, kama vinavyoachiana vikivutwa kwa nguvu.

Nikaufikia mkanda wa shingo. Ngozi ilikuwa nzima. Matundu yake matano yalikuwa ya mviringo, hata moja halijavutika. Ule ulimi wa bizimu ulikuwa na kutu lakini umenyooka. Mkanda wa ngozi ukivutwa na maji na uzito wa mtu hukatika, au tundu hupasuka, au ulimi hupinda. Huu haukukatika wala kupinda. Ulikuwa umefunguliwa, na bizimu hiyo inafunguliwa na mkono mmoja tu duniani.

Nasema kweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Miezi tisa nimebeba kifo cha mtoto wa watu kwenye uzi wangu, na ushahidi huu hapa mezani. Niliwaona vijana wa steji wamekusanyika na mimi nikiwazungushia lile koti usoni mmoja mmoja. Kisha nikainua macho nikamwona Maka anavyoitazama mikono yangu. Furaha ile naionea haya mpaka leo.

"Ni wapi?" akauliza.

Niligeuza koti upande wa pili.

"Fundi, hii koti nimeifua mimi. Nimeipitisha mkono yote. Nilitaka kushika mahali mtoto wangu alipitia akaenda. Sikubata. Nikasema mimi ni mzee, macho yangu ni mbaya, fundi ataona."

"Haijachanika, mama," nikasema.

"Basi ilitoka aje?"

Nikachukua kidole chake cha shahada nikakiweka juu ya bizimu. Hapo tukasikia kikohozi mlangoni.

Diriye alikuwa amemwona akiingia kutoka ng'ambo, pale steji. Alisimama kwenye kizingiti, mchana kweupe, jua la Agosti mgongoni mwake, akilitazama lile koti. Nilidhani atakimbia. Akavua viatu kana kwamba anaingia msikitini, akachuchumaa mbele ya Maka, akasema. Alisema kwa Kisomali kwanza, haraka haraka, kisha akageuka akanirudishia mimi kwa Kiswahili, kwa sababu nami alikuwa amenidhulumu.

"Mimi nilidanganya, fundi. Koti haikuchanika. Maji ilimchukua Yurub miguu, akashika koti. Mimi nilikuwa nimeshika mti. Mkanda ikaninyonga. Sikuona kitu, hewa hakuna, ikawa giza. Mkono yangu ikaenda kwa shingo." Alionyesha, kidole gumba na cha shahada, mwendo mdogo wa mtu anayejifungulia nguo nyumbani. "Ikafunguka. Fifungo ikaenda tak tak tak, zote. Nikabumua."

Nje mtu alikuwa akipiga honi bila sababu.

"Wale wengine walikuwa wanangoja ukingoni," nikamwambia. "Wewe ulivuka kwa nini?"

"Mfua ilikuwa kubwa. Nilisema tukisimama pale atalowa."

Maka alikuwa amefumba macho. Aliuliza swali moja, kwa Kiswahili pia, na nafikiri alitaka nami niwe shahidi wa jibu.

"Alishika wewe, ama alishika koti?"

"Koti."

"Hakushika kiuno yako? Hata bale mwisho?"

"Hapana, mama. Koti beke yake."

Maka akatikisa kichwa polepole. "Mimi ndio nilimfundisha. Tangu alianza kubanda bikibiki kwenda shule. Nilimwambia, Yurub, huyo dereva si baba yako, si ndugu yako. Shika nguo, usishike mtu." Akaguna. "Alikuwa mtoto ya kusikia."

Akajifunga mtandio vizuri, akainuka. Koti aliliacha mezani. Diriye alipojaribu kuushika mkono wake aliuvuta, bila ukali, akamwita kwa jina lake, Diriye, na hiyo ndiyo iliyomwangusha. Alikaa sakafuni mwangu kati ya vipande vya kitambaa mpaka alasiri.

Siku iliyofuata alikwenda steji akawaambia wenzake ukweli wote. Sikumtuma. Wengine walimtukana, wengine wakasema hata wao wangefanya hivyo, na uzi wa Musyoka ukaacha kutajwa. Nilidhani ningesherehekea. Nililitundika lile koti ukutani, nyuma ya mashine, kwa sababu sikuweza kulitupa.

Mawingu ya Oktoba yalipoanza kukusanyika, Diriye alikuja na kipande cha mkanda wa kufungia mizigo ya lori, ule wa nailoni usiokatika hata kwa kisu kibutu.

"Nishonee hii, ya kiuno. Ifaliwe ndani ya koti, juu ya shati. Hapa nyuma weka fishikio miwili, itokee nje ya koti, kama ya mkoba. Wamama hawataki kushika mtu. Sasa watashika hii."

Nikaona akili yake, nikaipenda. Nikapima, nikakata, nikaanza kutafuta bizimu kwenye kopo.

"Bila bizimu," akasema.

"Utafunga vipi?"

"Nishonee kwa mwili. Msimu ya mfua ikiisha, utakata."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa amekwisha kuinua mikono juu. Nilibishana naye, nikamuuliza ataoga vipi, atalala vipi, na ikitokea maji mengine je? Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mikono ikiwa juu vilevile. Basi nikashika sindano kubwa ya magunia, nikamshonea mkanda ule kiunoni, mshono wa kwenda na wa kurudi, mara nne. Tumbo lake lilikuwa likigusa vidole vyangu kila alipovuta pumzi.

Mvua ya kwanza ilitukuta hapohapo. Nilipoinama kukata uzi kwa meno nilimsikia Diriye anakauka mwili, anahesabu chini kwa chini kwa Kisomali, mpaka sita. Shingo yake ikajaa mishipa. Nilipoinuka, Maka alikuwa amesimama chini ya bati langu.

Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alikuwa amekuja sokoni na sasa anarudi Balambala, na magari yalikuwa yamekataa njia. Akaingia bila salamu. Akalitoa lile koti la kijani ukutani, akamshikia Diriye, naye akalivaa kama mtoto anayevalishwa. Nikavipitisha vile vishikio nje. Maka akafunga vifungo vyote sita, akibonyeza kila kimoja kwa kiganja kizima mgongoni mwake, ili asikie ni mkono wa nani. Mkanda wa shingo akauacha unaning'inia.

Kisha akavishika vile vishikio viwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Diriye alipepesuka hatua mbili, akashika nguzo ya kibanda changu ili asianguke. Maka alivuta tena, kwa kukunja uso, na mara ya tatu, mpaka bati likalia juu yetu. Mshono haukusogea.

"Laga ikiwa na maji," akasema, "tutangoja. Hata ikiwa ni mpaka kesho. Tulowe."

"Ndiyo, mama."

"Haya, hooyo. Twende."

Akapanda, akavishika vile vishikio, wakaingia mvuani.